Za nini?

Juzi mpwa wangu wa gredi ya pili alirudi na karatasi ya lugha ya mama, Kikuyu: visanduku kumi, ĩmwe hadi ikũmi, moja hadi kumi, basi. Akamsomea cucu yake, bibi yake, yaani mama yangu, kwa fahari. Mama alikuwa anachambua maharagwe kwenye uteo. Akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza, "Cia kĩĩ?" Za nini? Mtoto akaduwaa.

Mama akasukuma punje tatu kando: ithatũ. Akaonyesha miparachichi mitatu uani: mĩtĩ ĩtatũ. Akatugusa vifua, mimi, yeye na mtoto: andũ atatũ. Somo zima likaisha kabla ugali haujaiva. Akaongeza kwamba saba hukataa kubadili nguo hivyo kufuata kinachohesabiwa. Mũgwanja ni mũgwanja, iwe watu, iwe miti. Kenda na ikũmi vilevile.

Hili ndilo linaloniumiza kila nikiona mtu "amehifadhi" namba za lugha fulani. Orodha, na tafsiri pembeni. Sawa, orodha ni afadhali kuliko kukosa kabisa. Lakini nani anahesabu hewa? Watu huhesabu mbuzi jioni, deni, siku za matanga, na vidole navyo vina kazi yake. Hayo yote orodha inayatupa.

Na tusidhani hasara hii ni ya lugha ndogo tu. Tazama Kiswahili chenyewe. Tunasema watu wanane, miti minane, lakini sita, saba na tisa hazibadiliki hata kidogo, kwa sababu ni za Kiarabu. Zetu zilikuwa tandatu, mfungate na kenda. Kenda bado utaisikia kwa wazee. Mfungate imebaki harusini tu, kwenye fungate, zile siku saba za maharusi. Maelfu wanaenda fungate kila mwaka bila kujua wametaja namba. Kama lugha yenye mamilioni ya wasemaji ilipoteza tatu kati ya kumi za mwanzo, lugha ya kijiji kimoja itasalimika vipi, na watoto wake hata namba ya simu wanaitaja kwa Kiingereza?

Kwa hiyo tafadhali, kama una mzee nyumbani, mrekodi akihesabu vitu. Simu unayo mfukoni. Usimwombe moja hadi kumi. Mpe mayai, mpe noti, mwache aendelee mpaka mĩrongo na magana, makumi na mamia.

Mimi nilianza jioni ileile. Nikawasha simu, nikamwomba mama ahesabu wajukuu wake. Wako kumi. Akawataja mmoja mmoja kwa majina, akikunja vidole, hadi kale kachanga ka dada yangu. Nikangoja aseme ikũmi. Akanitazama kama niliyetaka kumletea msiba, akasema, "Kenda mũiyũru." Tisa iliyojaa. Watoto hawafikishwi kumi kwa mdomo.

Kwenye karatasi ya shule, kenda ni tisa.