Mwamuzi Kakosea, Basi Tubishane Sheria

Nimetoka kubishana na jirani yangu hapa Ohio kuhusu boki, na nimefurahi kuliko mpira wa nyumbani unavyonifurahisha siku hizi. Kwa asiyeijua besiboli: kukiwa na mkimbiaji kituoni, mrushaji haruhusiwi kumzuga. Akishaikutanisha mikono kwenye mpira, lazima atulie kabisa ndipo arushe. Asipotulia ni boki, na kila mkimbiaji anasogea kituo kimoja bure.

Kutulia kabisa ni kutulia vipi? Mwaka 1988 ligi kuu ya besiboli Marekani ilibadili maneno ya kanuni, ikataka utulivu uonekane wazi. Boki zikapita 900 msimu huo, zaidi ya mara mbili ya msimu uliotangulia. Mwaka uliofuata ikabidi maneno yalegezwe.

Tulichobishania ni kisa cha Septemba 2022. Richard Bleier wa Miami Marlins, ambaye hakuwa ameitiwa boki hata moja ligi kuu, aliitiwa tatu akimrushia mpigaji mmoja tu, Pete Alonso wa New York Mets. Jeff McNeil akatoka kituo cha kwanza hadi kufunga, mpira haujapigwa. Kocha Don Mattingly akaingia kulalamika, akatolewa. Na uamuzi wa boki haukaguliwi kwa video.

Mimi nasema mwamuzi alikosea. Maelezo ya kanuni yanasema lengo ni kumzuia mrushaji asimhadae mkimbiaji makusudi, na mwamuzi akiwa na shaka aangalie nia. Bleier alikuwa anamhadaa nani? Jirani akanijibu: nia huangaliwa penye shaka, na mwamuzi hakuwa na shaka. Hoja nzito hiyo. Bahasha haikutajwa kabisa.

Kwetu, penalti ya dakika za mwisho Simba na Yanga, neno la kwanza ni "kala hela". Mjadala umeisha.

Najua mtasema kafika Marekani, sasa anatufundisha. Hapana jamani. Nimekulia Temeke, najua shaka yetu ilikotoka, na waamuzi wa huku si malaika. Tena vijiwe vyetu vinaijua sheria ya kuotea vizuri mno: kinyozi wangu alikuwa anapanga vizibo vya soda mezani kukuonyesha beki wa mwisho alisimama wapi. Akili yote ile tunaizika kwa maneno mawili!

Na wewe unayesema wengine wanahongwa kweli, sawa, leta ushahidi afungiwe. Ila yule aliyeteleza macho tu, atajirekebisha vipi ikiwa hatujawahi kumwambia ni kanuni gani aliyoikosea?