Ladha ya moshi na bei ya mtungi

Ukitaka kuzua mabishano mbele ya wapishi wa Dar es Salaam, sema tu kwamba pilau ya gesi haina tofauti na pilau ya mkaa. Nimelisema hilo mara kadhaa miezi ya karibuni, kwa makusudi, mbele ya watu wanaokula kwa jasho la jikoni: mama lishe wa Tandale, mchoma nyama wa Sinza, mpishi wa shughuli wa Temeke ambaye harusi ya watu 400 kwake ni kazi ya kawaida, na mpishi mkuu wa hoteli moja ya Masaki aliyeisomea kazi hii chuoni. Hakuna aliyenijibu kwa upole.

Nilianza kuuliza kwa sababu ya agizo la Serikali. Novemba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alifungua mjadala wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia, na baadaye ikatangazwa kwamba taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024. Mei 2024 ukazinduliwa mkakati wa taifa wa miaka kumi, wenye lengo la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo 2034. Agizo la taasisi liliwagusa zaidi wakuu wa shule, magereza, kambi na hospitali. Lakini mama lishe anayetoa sahani 150 kila mchana naye alilisikia redioni, akajihesabu, akaanza kujiuliza kama yumo. Zamani wapishi wakikutana sokoni walilalamikia bei ya mchele na vitunguu. Siku hizi wanabishania moto.

Niseme mapema ninaposimama. Naamini mkaa utoke kwenye sufuria zetu, na naamini pia kwamba namna tunavyowaambia wapishi wautoe haijawatendea haki.

Yule mama wa Tandale jiko lake liko nyuma ya kibanda, kati ya ukuta wa jirani na bati lililokuwa paa la kitu kingine. Nilifika saa nne asubuhi. Seredani tatu zilikuwa zinawaka: moja ina maharage yaliyoanza kuchemka kabla ya watoto kwenda shule, kama alivyoniambia, yaani bado giza; moja ina mchuzi wa nyama; ya tatu ina wali, na juu ya mfuniko amepalia makaa. Alikuwa ameinama akipepea kwa kipande cha boksi la sabuni, uso ameugeuzia begani, macho mekundu. Kila baada ya dakika chache alikohoa kikohozi kifupi, kile cha mtu aliyekwishazoea kukohoa. Wateja wanakaa upande wa mbele, penye upepo. Moshi wanausikia kwa mbali, kama harufu ya kuashiria kwamba chakula kimekaribia.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa kupikia majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Angalia neno hilo, majumbani. Mwanamke wa Tandale anavuta moshi wa kazini kuanzia alfajiri hadi saa tisa, kisha anarudi kwake kuwapikia wanawe kwa mkaa uleule. Katika mazungumzo yote ya ladha niliyoyasikia, mara nyingi kutoka kwa wanaume waliokaa upande wa mbele wa kibanda, mapafu yake hayakutajwa hata mara moja.

Misitu nayo ina kesi yake. Takwimu ya Serikali inayorudiwa mara nyingi inasema tunapoteza takriban hekta 469,000 za misitu kwa mwaka. Si zote zinaishia kwenye tanuri la mkaa. Kilimo kinachukua sehemu kubwa sana, na ni vibaya kumtwika mama lishe dhambi ya shamba la mtu mwingine. Hata hivyo mtu yeyote aliyesafiri barabara ya Morogoro au ya Lindi ameyaona magunia yaliyopangwa kando ya lami, na anajua yanaelekea wapi.

Sasa tuje kwenye ladha, maana hapo ndipo wapishi wanapopandisha sauti.

Mpishi wa shughuli wa Temeke ni mtu mzima, wenzake wote wanamwita bibi hata kama wamelingana naye umri. Nilipomtamkia ile sentensi yangu alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, wali unataka moto juu na moto chini. Hiyo gesi yako moto wake wa chini tu. Juu utaweka nini?"

Ana hoja. Wali wa nazi, pilau na biriani vinaivishwa mwishoni kwa joto la taratibu linalozunguka sufuria nzima, na makaa juu ya mfuniko ndiyo oveni ya pwani iliyotutumikia miaka mingi. Jiko la gesi la mtungi mdogo linarusha moto katikati ya kitako cha sufuria. Pembeni kunabaki kubichi na katikati kunaungua. Aliyewahi kupika kilo kumi za mchele juu ya jiko la namna hiyo anajua aibu yake.

Lakini hiyo ni hoja ya joto, si ya moshi. Mpishi wa hoteli alinitenganishia mambo haya mawili vizuri kuliko mtu yeyote. Mkaa, alisema, ni mti ambao umekwishatoa sehemu kubwa ya moshi wake kule kwenye tanuri. Ukiwaka vizuri hautoi harufu nyingi ya kuingia kwenye chakula, na sufuria iliyofunikwa haipitishi hata hiyo kidogo. Harufu ya moshi tunayoikumbuka kwenye pilau za harusi za utotoni ni ya kuni, tena inaingia wakati vitunguu vinakaangwa sufuria ikiwa wazi. Yeye biriani anaanza kwa gesi kwenye sufuria ya kitako kizito, anaziba mfuniko kwa unga uliokandwa, kisha anaisukuma kwenye oveni. Alinipa sahani. Siku mbili baadaye nikala ya bibi wa Temeke. Kwa mchele na nyama sikuweza kuzitofautisha. Nilichokikosa ile ya hotelini ni ukoko: ule mkavu wa rangi ya kahawia, unaotoka na kijiko kama ganda. Kwangu mimi ukoko si jambo dogo, na simlaumu anayeupigania.

Pia oveni inayomeza sufuria ya kilo ishirini haibebwi kwenye bajaji kwenda uwanja wa harusi.

Kwenye nyama ya kuchoma mambo ni tofauti kabisa. Mafuta yanadondoka juu ya makaa, yanageuka mvuke na moshi, na moshi huo unapanda na kuishika nyama. Hiyo ndiyo ladha yenyewe, haitoki penginepo. Mchoma nyama wa Sinza alinionyesha: akasogeza mbavu za mbuzi pembeni ambako hakuna makaa, akasubiri, akanikatia kipande, kisha akanikatia cha katikati. Mtoto mdogo angejua kipi ni kipi. Mishkaki, kuku wa kuchoma, samaki wa kupaka anayepakwa tui zito huku anageuzwa juu ya moto, hivi vyote viko upande wake. Kumwambia mtu huyu kwamba gesi ni sawa ni kumdanganya, na ukimdanganya kwa hili hatakuamini kwa mengine.

Mabishano haya si yetu peke yetu. New York, mwaka 2024, ilianza kutumia kanuni inayoitaka migahawa ya piza ya zamani yenye oveni za makaa na kuni ipunguze chembe za moshi kwa asilimia 75. Hawakuwaambia wazime moto. Waliwaambia wachuje moshi, na wenye maduka wakalalamika kwamba vichujio ni ghali. Huko Berkeley, California, kisa ni cha kinyume kabisa. Mwaka 2019 mji ulipiga marufuku mabomba ya gesi kwenye majengo mapya, chama cha wenye migahawa wa jimbo hilo kikaenda mahakamani, na mwaka 2023 mahakama ya rufaa ikawapa ushindi. Hoja yao mojawapo ilikuwa kwamba mpishi hawezi kupika sawasawa bila mwali wa gesi. Kwao gesi ndiyo desturi inayotetewa, kwetu ndiyo ugeni unaoogopwa. Wapishi popote walipo hutetea moto uliowafundisha kazi, na wengi wao wanausema ukweli wa mikono yao.

Lakini baada ya wiki nyingi za mazungumzo nimeamini kwamba kwa wapishi wadogo ladha ni neno la heshima tu, linalofunika neno wasilotaka kulitaja mbele ya mgeni. Neno hilo ni mtaji.

Mkaa unauzwa kwa ndoo, kwa kopo, kwa fungu. Siku mauzo yakiwa mabaya unanunua kidogo. Siku huna kabisa, muuza mkaa wa jirani anakukopesha, jioni unamlipa. Mtungi hauna fungu. Kujaza ule wa kilo 6 ni zaidi ya shilingi 20,000 zinazotoka mkononi kwa mara moja, asubuhi ileile ambayo unatakiwa kununua mchele, mafuta na nyama, na kesho yake ni siku ya marejesho ya kikundi. Mama wa Tandale hesabu zake anazijua. Aliniambia wazi kwamba kwa chai, chapati na mayai gesi haimpi hasara ikilinganishwa na mkaa, pengine inamwokolea kidogo kwa mwezi. Shida ni kwamba yeye haishi kwa mwezi, anaishi kwa siku. Tena mtungi hauagi. Mkaa ukipungua unauona. Gesi inakatika wali ukiwa kiini kibichi na madereva wa bodaboda wameshakaa na vijiko mkononi.

Halafu kuna maharage. Saa tatu za moto wa gesi kwa maharage na makande zinakula faida yote ya sahani. Mpishi wa hoteli jibu lake lilikuwa fupi: loweka usiku kucha, tumia sufuria ya presha. Kitaalamu yuko sahihi kabisa, muda unapungua sana. Ila sufuria ya presha ya lita sita haitoshi kibanda cha sahani 150, na kubwa inayotosha bei yake ni mtaji wa wiki kadhaa.

Swali lililojirudia kila nilikopita ni hili: gesi ni yetu, kwa nini ni ghali? Watu wanastahili kujibiwa vizuri. Gesi asilia ya kisiwa cha Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika kuzalisha umeme mwaka 2004, inasafiri kwa bomba na siyo ile inayojazwa kwenye mitungi ya madukani. Ya mitungi inaletwa kwa meli kutoka nje, na bei yake inafuata soko la dunia na thamani ya dola. Ya kwetu imefika kwa bomba kwenye baadhi ya nyumba na hoteli, wala si kwenye vichochoro vya Tandale. Kwa hiyo tunapomwambia mama lishe ahamie kwenye mtungi, tunamhamishia pia hatari ya bei ambayo muuza mkaa wa jirani hakuwahi kumpa.

Kenya imetuonyesha njia ya kukataza tu inakoishia. Februari 2018 ukataji miti ulisimamishwa kwenye misitu ya umma na usafirishaji wa mkaa ukabanwa. Bei ya mkaa Nairobi ilipanda sana. Mkaa wenyewe haukupotea mjini, na waliolipia zaidi kupanda huko ni wale wanaonunua kwa kopo.

Kwa hiyo ningependa kuona masharti yanayotofautisha sufuria na jiko la kuchomea. Anayechoma nyama abaki na makaa yake, ila mkaa uwe wa msitu wenye kibali na jiko lake liwe na bomba la kutoa moshi juu ya vichwa vya watu. Yule wa Sinza la kwake alitengenezewa na fundi wa kuchomelea kwa pipa la mafuta lililokatwa, na linafanya kazi. Kwenye sufuria tusitafute huruma, tutafute mita. Gesi ya kulipia kadiri unavyotumia, kwa simu, ipo tayari kwa baadhi ya wakazi wa Dar es Salaam na Nairobi, na ndiyo kitu pekee nilichokisikia kinachofanana na kununua kwa kopo. Mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia kumi ya mapato yake ya ndani, kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ungeweza kununulia vikundi vya mama lishe sufuria kubwa za presha na majiko ya mwali mpana. Mitungi ya kugawiwa kwenye mikutano, kilo 6 na picha, inaisha baada ya wiki chache na kuwekwa uvunguni. Nimeiona miwili hivyo kwa macho yangu.

Wiki iliyopita nilirudi Tandale. Ndoo ya maharage ilikuwa imelala majini, na mama ameazima sufuria ya presha kwa mdogo wake wa Manzese. Yaliiva kabla chai ya saa nne haijaisha. Alipofunua, mchuzi ulikuwa mwepesi, na wateja wake wanataka mzito. Akaponda machache kwa mwiko, akamimina yote kwenye sufuria ya zamani, akairudisha juu ya seredani kwa robo saa.