Puto Langu Halijapasuka, Acheni Kunitumia Pole

Sijapasuka. Tumbo liko salama, puto nililowekewa ndani yake ili nipungue uzito liko mahali pake, na yule shoga yangu mwenye gari aliyewatangazia kwamba "amekimbizwa hospitali usiku anakojoa rangi ya majani" ni mwongo nusu. Hiyo nusu nyingine ndiyo inayoniuma, na ndiyo maana naandika leo hii kabla hajaongeza king'ora cha ambulensi. Hatukupanda ambulensi. Tulipanda gari lake, na njiani alisimama kujaza mafuta huku mimi nakufa kiti cha nyuma.

Mnaonijua siku nyingi mnajua dayati zangu. Ile ya supu ya kabichi siku 7 niliipiga mpaka jasho likanuka kabichi, nikashuka kilo 3, nikazipata zote ndani ya siku 4. Baadaye ndipo nikaelezwa kwamba zile hata hazikuwa mafuta. Mwili ukinyimwa wanga unakula ule uliouweka akiba, na kila gramu ya akiba hiyo imekumbatia kama gramu 3 za maji. Yaani wiki nzima nilijitesa ili nikojoe. (Kukojoa kushikeni, tutakurudia.)

Basi nikafika kilo 98, na urefu wangu ni sentimita 160 hata nikinyoosha shingo. Daktari akapiga hesabu ya uzito kwa urefu, ile wanayoiita BMI, ikaja 38, akaniambia operesheni ya kupunguza uzito inanihusu. Zamani, kwa vigezo vya 1991, ungeambiwa ufikishe 40, au 35 pamoja na maradhi kama kisukari. Tangu 2022 mwongozo wa madaktari wa fani hiyo unasema 35 inatosha hata kama huna ugonjwa mwingine. Nikakataa. Na sikukataa kimya kimya, nilikataa kwa mahubiri. Kila penye watu watatu nilisimama nikasema mimi siwezi kukata utumbo niliozaliwa nao.

Kumbe hata sikujua ninachokataa. Ile inayofanywa sana haigusi utumbo kabisa, inakata mfuko wa chakula. Asilimia kama 80 inatolewa nje, kinachobaki ni kama ndizi. Ya pili ndiyo inagusa utumbo: wanatenga kifuko cha ukubwa wa yai, wanakiunganisha na utumbo kule mbele, na ukija kujifanya mjanja na sukari, moyo unakwenda mbio, jasho linakumwagika, tumbo linaendesha. Zote mbili unameza vitamini maisha yako yote. Mwenzangu mmoja kazini alifanya hiyo ya kwanza, nami nikamwambia usoni kwamba amepita njia ya mkato. Na huyu naye mshikeni.

Mimi, mwanamke wa msimamo, nikachagua puto. Puto si kisu, eti. Wanakupa dawa ya usingizi, wanakupitishia puto la silikoni mdomoni likiwa limekunjwa, likifika chini wanalijaza maji ya chumvi. Langu lilijazwa mililita 600. Unaamka umeshiba na hujala. Linakaa miezi 6, halafu wanalitoboa, wanalinyonya maji, wanalivuta litoke lilikoingilia. Siku 3 za kwanza nilitapika vitu ambavyo sikumbuki kuvila. Anayesema puto ni njia ya mkato aje nimpe ndoo yangu. Najua, najua, mimi huyuhuyu.

Sasa sikilizeni. Yale maji ya kwenye puto huchanganywa na rangi inayoitwa methilini bluu. Puto likivuja, rangi inaingia mwilini na kutokea kwenye mkojo. Nesi alinieleza mara mbili na kunipa kadi: ukiona mkojo wa bluu au wa kijani, njoo siku hiyohiyo, kwa sababu puto lililoishiwa maji linaweza kuteleza likaenda kuziba utumbo. Na hapo kisu ulichokikimbia kinakusubiri. Kadi nikaibandika kwenye friji. Miezi 4 nzima nimekagua mkojo wangu kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Jumamosi, sherehe ya kuzaliwa kwa mtoto wa shoga huyohuyo mwenye gari. Nimeshuka kilo 9, gauni la miaka ile limenikubali, kila mtu ananisifia. Msinisifie jamani, nikisifiwa napata njaa. Nilikula paja la kuku nikiwa nimesimama nyuma ya mlango wa jikoni, na keki nikaila huku nikiwaambia watu kwamba siku hizi sitamani kabisa vitu vitamu.

Saa 5 usiku, nyumbani, tumbo linanguruma kama linajadiliana na nafsi yake. Nikaenda chooni. Nikamaliza. Nikageuka kukagua, kama kawaida.

Kijani.

Si kile cha kusema labda ni taa. Kijani cha kasuku. Nikainama. Nikanyanyuka. Nikazima taa, nikawasha tena, kama vile choo kitanionea huruma. Kijani. Papo hapo nikaikumbuka ile ncha ya mfupa wa kuku iliyovunjika mdomoni nikaimeza kwa sababu mtu alikuwa anaingia jikoni. Nikauona mfupa ule kwa macho yangu, umekaa tumboni kama mkuki, na puto langu linateremka utumboni polepole.

Sikuvuta maji. Huo ni ushahidi. Nikapiga picha, mbili, moja kwa mwanga wa simu. Nikamwita Baba Watoto. Akaja, akachungulia, akasema "Mh." Miaka 14 ya ndoa, mtu anaaga dunia, anaambiwa "Mh."

Gari letu liko gereji, ndiyo maana nikampigia shoga. Kosa la pili la usiku ule.

Hospitali nikapelekwa kwenye kitanda cha pazia. Pazia jamani huzuia macho tu. Upande wa pili kulikuwa na mgonjwa mwingine, baba mtu mzima kwa sauti yake ya kukohoa, na nawahakikishia alisikia kila neno. Daktari wa zamu kijana mdogo, wa umri wa mdogo wangu wa mwisho, anaandika. Baba Watoto amekaa kushoto, ameshika mkoba wangu mapajani. Shoga amesimama kulia.

"Mama, leo umekula nini?"

"Supu," nikasema. Baba Watoto akaitikia kwa kichwa, maana supu aliipika yeye. Miezi 4 ananichujia supu yule mwanaume.

"Na kingine?"

Nikatazama dari.

"Mama, ni muhimu."

"Paja la kuku," nikasema. "Dogo."

Baba Watoto akageuka. Si haraka. Aligeuka kama feni inayokaribia kuzimika.

"La kukaanga?"

"Lilikuwa limekaangwa, ila si na mimi."

Daktari akaandika. "Na kingine?"

"Keki. Kipande. Viwili."

"Vitatu," akasema shoga yangu. "Cha tatu ulikifunga kwenye tishu ukatia kwenye mkoba."

Hapo dunia ikasimama. Mkoba uko wapi? Uko mapajani mwa Baba Watoto. Akautazama. Akafungua zipu, jino moja moja, nilizihesabu. Akatoa miwani yangu, akaiweka pembeni. Akatoa kile kijitabu ambacho yeye mwenyewe anaandika nilichokula kila siku. Kisha akatoa tishu, akaifunua pembe nne, na keki ikatokea imebonyea, krimu ya pinki imegandamana na risiti. Hakusema kitu. Aliiweka kitandani karibu na mguu wangu, kama polisi anavyoweka kielelezo mezani.

Ningenyamaza hapo, leo nisingekuwa naandika. Lakini hofu ya kufa ni kitu kibaya, nikaanza kukiri hata ambayo sijaulizwa.

"Na aiskrimu, daktari. Kila Jumatano. Inayeyuka, puto haliihisi, inapita pembeni kama haijuani na mtu."

"Aiskrimu ipi?" akauliza Baba Watoto, neno lake la kwanza.

"Ya nyumbani."

"Ile ya watoto?"

"Ile ya watoto."

Akavuta pumzi. "Nimemfokea mtoto kwa ile aiskrimu, Mama Watoto. Nimemfokea akalia."

Upande wa pili wa pazia, yule baba akasema, "Laa."

Nikamshika daktari mkono. Nikamwambia mwanangu, kama limepasuka nikate tu. Kata hiyo asilimia 80, chukua na 90, mimi nina nini cha kuringia. Mahubiri yangu yote ya mwaka mzima yaliisha pale, kwenye shuka la hospitali, karibu na keki.

"Mama," akasema, "tuanze na mkojo."

Nikapewa kikopo, nesi akanisindikiza. Nikatoka nacho nimekishika kwa mikono miwili. Nesi akakiinua kwenye taa. Njano. Njano safi, ya mtu asiye na dhambi yoyote.

"Si ulisema kijani?"

Nikatoa simu. Mimi si mwongo, nina picha. Nesi akaikuza kwa vidole viwili, akaisogeza juu, akaisogeza kulia, akasimama.

"Hiki nini hapa?"

"Wapi?"

"Hapa, ukingoni mwa sinki."

Nikatazama. Baba Watoto akatazama. Shoga akatazama kwa muda mrefu kuliko wote. Kuna kikapu kidogo cha plastiki kimening'inia ndani ya sinki la choo, na ndani yake kuna kidonge kikubwa cha dawa ya choo. Cha bluu.

Nesi akanirudishia simu. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniua.

"Mama," akaniuliza kwa upole, "bluu ukichanganya na njano unapata nini?"

Nilishindwa kujibu.

"Kijani," akasema yule baba wa nyuma ya pazia.

Yaliyobaki ni mafupi. Walinipiga ultrasaundi wapate uhakika, puto liko duara, limejaa, halina habari. Mdogo wangu, aliyekuja kutusalimia Ijumaa, ndiye aliyetundika kile kikapu mchana tulipokuwa kwenye sherehe, eti anatusaidia usafi. Tulifika nyumbani saa 8 usiku bila kuzungumza. Keki aliila shoga kwenye gari, hilo hakuwasimulia. Asubuhi nilimpigia yule mwenzangu wa kazini kumwomba radhi kwa maneno ya njia ya mkato. Kumbe alishapata habari, alicheka mpaka simu ikakatika, halafu akapiga tena kuuliza kama keki ilikuwa nzuri. Na wewe uliyenitumia picha ya kasuku saa 12 asubuhi, nimekuona.

Puto linatoka baada ya miezi 2. Kidonge bado kipo chooni, mdogo wangu amekataa kisitolewe, anasema hakijaisha. Aiskrimu imehamia kwa jirani. Na mtoto aliyefokewa amechukua kalenda, ameibandika kwenye friji pembeni ya kadi yangu ya hospitali, amezungushia Jumatano zote za miezi 4 kwa kalamu nyekundu. Zimefika 17. Anataka alipwe zote.