Nembo Zisizolipiwa

Shutuma kubwa dhidi ya filamu ya Josie and the Pussycats haihitaji maelezo mengi. Inawakejeli wanaotumia muziki kuwauzia vijana bidhaa, na yenyewe imebandikwa nembo za biashara kila pembe kuliko kibanda cha M-Pesa. Nyani haoni kundule. Ndivyo walivyosema wengi Marekani ilipotoka Aprili 2001, na ndivyo walivyosema vijana wa sekondari niliotazama nao filamu hiyo hapa Kisumu wakati wa likizo. Msichana mmoja wa kidato cha nne alivumilia hadi tulipofika kwenye bafu lililopambwa kwa nembo ya McDonald's. Hapo akasema hii si sinema, ni tangazo refu, na nusu ya chumba ikamuunga mkono.

Kwa ambaye hajaitazama: wasichana watatu wa mji wa Riverdale, Josie, Valerie na Melody, wana bendi ya roki isiyojulikana na mtu. Wakati huo kampuni ya MegaRecords ina bendi ya wavulana, DuJour, inayopendwa kupita kiasi. Wavulana hao wanauliza sauti ngeni iliyojificha ndani ya wimbo wao ni ya nini. Kwa kuuliza tu, meneja wao Wyatt anaruka kwa parachuti na kuiacha ndege ianguke nao. Anahitaji bendi nyingine upesi, anawaokota wasichana wetu barabarani, na baada ya wiki moja wimbo wao unaongoza chati. Siri ni kwamba chini ya kila wimbo kuna maneno yasiyosikika na sikio lakini yanayofika akilini, yakiwaamuru vijana wapende rangi gani, wavae viatu gani, wanywe nini. Kesho rangi inabadilika na kilichonunuliwa jana kinakuwa aibu. Serikali inajua, na inashirikiana na kampuni.

Sasa tuje kwenye nembo. Waandishi na waongozaji wa filamu hii, Harry Elfont na Deborah Kaplan, wameeleza kwamba kampuni hizo hazikulipa ili ziwekwe. Naomba msomaji alitafakari jambo hilo kidogo, maana wanaoishutumu filamu hulipita haraka mno. Hollywood, nembo kwenye skrini ni mali. Kampuni ya magari au ya soda hutoa pesa au bidhaa ili mhusika aonekane nayo, na mchango huo husaidia kubeba gharama za filamu. Hii iligharimu takriban dola milioni 39. Aliyebeba mzigo wa namna hiyo, kisha akajaza nembo kutoka mwanzo hadi mwisho bila malipo, ameipa kisogo pesa ambayo wenzake huitafuta usiku na mchana. Huwezi kumwita mtu huyo kibaraka wa matangazo mpaka kwanza ueleze kwa nini hakuchukua ujira wa kibaraka.

Na tazama jinsi zilivyowekwa. Tangazo la kweli ndani ya filamu hupenda kupita kimyakimya. Shujaa anafungua friji, chupa inaonekana kwa sekunde mbili, lebo imeelekezwa kwa kamera, na hadithi inaendelea. Ukiligundua, limeshindwa kazi. Hapa mambo ni kinyume. Msichana anaoga akiwa amezungukwa na nembo ya duka la baga, mahali ambapo mwenye duka mwenyewe asingethubutu kuiweka, na kamera haina haraka ya kuondoka. Nembo inakukera makusudi. Inataka uulize inafanya nini pale, kisha uanze kuziona zile ulizokuwa umezizoea. Yule msichana aliyelalamika alikuwa anaitazama filamu sawasawa na ilivyokusudiwa itazamwe.

Upande wa pili una hoja, tena nzito. Ndani ya filamu hakuna mahali mtazamaji anapoambiwa kwamba nembo hazikulipiwa; hayo yamejulikana kwa mahojiano. Kijana wa Nakuru anayeitazama kwa simu, bando likikaribia kuisha, hana habari na mahojiano ya mtu. Anachoona ni nembo, na jicho huizoea nembo hata ikiwekwa kwa dhihaka. Biashara ni matangazo, na kampuni iliyotangazwa bure imepata faida isiyoigharimu kitu. Kuna pia suala la Carson Daly, mtangazaji halisi wa MTV wa enzi hizo, anayejiigiza mwenyewe akiwa miongoni mwa waovu. Wapinzani huuliza: ni dhihaka gani hii ambayo wanaodhihakiwa wanakuja kuigiza ndani yake na kuifurahia? Swali hilo linanisumbua mpaka leo. Studio iliyoitoa, Universal, nayo ni sehemu ya biashara ileile inayochekwa.

Hoja yao ya pili ni ya kisayansi, na hapo ukweli wote uko kwao. Maneno yaliyofichwa hayamtumi mtu dukani. Imani hiyo ilienezwa na James Vicary, mtafiti wa masoko aliyedai mwaka 1957 kwamba kwenye ukumbi wa sinema wa Fort Lee, New Jersey, alimulika amri za kula bisi na kunywa Coca-Cola kwa muda mfupi mno usiotosha jicho kuzinasa. Mauzo ya bisi, akasema, yalipanda kwa asilimia 57.5, na ya Coca-Cola kwa asilimia 18.1. Mwaka 1962 alikiri kwamba data aliyokuwa nayo ilikuwa ndogo mno kuthibitisha chochote. Lakini tarakimu ilikuwa imeshatoka. Asilimia 57.5! Angesema “zaidi ya nusu” watu wangemwuliza amejuaje. Ile nukta tano ilifanya dai lionekane limepimwa, likavuka bahari, likamshinda hata aliyelitunga alipojaribu kulirudisha.

Kwetu Kenya uvumi wa aina hiyo ulikuta ardhi yenye rutuba. Hii ni nchi iliyounda tume ya kuchunguza ibada ya shetani mwaka 1994. Wengi wetu tulikua tukiambiwa wimbo fulani ukichezwa kinyumenyume unatoa maneno ya kuzimu, na kwamba msanii akiinua vidole vitatu ameshauza roho. Kwa hiyo ninamwelewa mwalimu anayeogopa kuwaonyesha wanafunzi filamu yenye sauti za siri ndani ya nyimbo. Watatoka pale wakisaka mashetani, na tangazo lililo wazi mbele ya macho yao litapita bila kuulizwa. Kati ya yote yanayosemwa dhidi ya filamu hii, hili ndilo ninaloliona zito kuliko mengine.

Hata hivyo, ukifuatilia hadithi kwa makini, mtambo wa kuficha maneno ndani ya nyimbo peke yake hauwezi lolote. Fiona, mkuu wa MegaRecords, ana mashine, ana wanajeshi, ana serikali nyuma yake, na bado hawezi kuuza hata kopo la soda bila sauti inayopendwa. Ndiyo maana anamhitaji Josie. Anachokiiba ni imani ya mashabiki kwa msanii wao, na anaiuza bila msanii kujua. Josie haambiwi kilichomo ndani ya wimbo wake mwenyewe. DuJour wanaachwa wafe kwa sababu wameuliza. Filamu hii inamweka mwanamuziki upande mmoja na shabiki wake, wote wakidanganywa na mtu yuleyule. Wanaoiita dhihaka dhidi ya wasanii wa pop na wanaowapenda sijui walitazama filamu gani.

Sisi wa kando ya ziwa tunapaswa kuielewa tofauti hiyo kuliko wengi, kwa sababu wimbo kulipiwa ili utaje jina la mtu si jambo geni huku. Katika nyatiti, kinubi cha Waluo, na baadaye katika muziki wa benga na ohangla, mtu husimama, hutoa pesa na kujisifu au kumsifu rafiki yake huku muziki ukimsubiri. Ndiyo pakruok. Mwanamuziki hula kwa mkono huo, na kuna rekodi za benga ambazo orodha ya wanaosifiwa inakaribia kuwa ndefu kuliko hadithi ya wimbo. Hakuna aliyedanganyika. Noti inatolewa ukumbi mzima ukiona, anayesifiwa anajulikana, na asiyependa anacheka na kuendelea kucheza.

Panda sasa matatu inayoelekea Kondele saa za jioni. Juu ya dereva kuna skrini, miksi ya DJ inapiga, na msanii kijana ameshika chupa ya pombe kwa namna ambayo chapa yake haifunikwi na kidole hata kimoja, beti ya kwanza na ya pili. Imelipiwa? Au ameipenda tu? Abiria hana njia ya kujua. Ukifika nyumbani, kwenye TikTok kuna wasichana kumi wanaocheza mtindo mmoja wa wimbo mmoja, na huwezi kujua nani amecheza kwa raha zake na nani ametumiwa pesa kwa simu asubuhi ile. Siwalaumu wasanii. Malipo ya mirabaha nchini yamekuwa chanzo cha mivutano kwa miaka mingi, na pesa ya kampuni mara nyingi ndiyo inayolipa studio na kodi ya nyumba. Ninachosema ni kwamba pakruok ilikuwa na uso, na hii haina.

Kuna atakayeniambia kwamba uwazi hautoshi, anitolee mfano wa kamari. Nitamkubalia. Matangazo ya kamari hayakufichwa hata siku moja. Yalikuwa redioni katikati ya nyimbo, kwenye fulana za timu, kwa sauti za watu tunaowapenda. Yaliwaumiza vijana yakiwa wazi kabisa. Tarehe 29 Aprili 2025 Bodi ya Kudhibiti na Kutoa Leseni za Kamari iliyasimamisha yote kwa siku 30, na mwezi uliofuata masharti mapya yakawakataza watu mashuhuri na wenye wafuasi wengi mitandaoni kuipigia debe kamari. Kwa hiyo filamu inapoweka hatari yote kwenye kilichofichwa, inaacha nusu ya tatizo nje. Lakini angalia masharti hayo yaligusa nini: sauti inayopendwa. Ni kitu kilekile alichokihitaji Fiona.

Kinachonifanya niitetee zaidi filamu hii ni jinsi inavyowatendea wasichana. Enzi zile muziki wa pop uliuzwa kwa kasi ya kutisha. Machi 2000 albamu moja ya NSYNC, bendi ya wavulana, iliuza nakala milioni 2.4 Marekani katika wiki moja. Ilikuwa rahisi sana kutengeneza filamu inayowacheka wasichana wanaopiga kelele kwenye foleni, na watu wazima wangeshangilia. Elfont na Kaplan hawakufanya hivyo. Walizifanya nyimbo za bendi ya Josie ziwe nzuri kwelikweli. Sauti ya Josie anapoimba ni ya Kay Hanley wa bendi ya Letters to Cleo, na mtayarishaji maarufu wa muziki Babyface alikuwa miongoni mwa waliozitayarisha. Albamu ya filamu ilifikia hadhi ya dhahabu Marekani, yaani nakala 500,000, ilhali filamu yenyewe iliingiza takriban dola milioni 14 tu huko, na mhakiki wa filamu Roger Ebert akaipa nusu nyota. Ilikuwa imetangazwa kama burudani ya wasichana wadogo, kwa mabango yaliyofanana na vitu inavyovikejeli, na waliokuwa na umri wa kuielewa wakaikwepa.

Katika tamasha la mwisho mashabiki wote wamevaa vifaa vya kusikilizia vyenye masikio ya paka, ambavyo wamelazimika kuvinunua ili wasikie chochote. Mtambo umeharibiwa. Josie anawaomba wavivue, wasikilize, na waamue wenyewe kama bendi inawapendeza. Wanavua. Kunakuwa na kimya cha wasiwasi, bendi inapiga, na wanaipenda. Vijana wetu wanaosikiliza gengetone na arbantone huambiwa kila siku na watu wa umri wangu kwamba wamepotoshwa, kana kwamba hakuna mmoja wao aliyewahi kuupenda mdundo kwa sababu ni mzuri. Filamu hii inasema shabiki anaweza kuwa amedanganywa kuhusu bidhaa na bado akawa sahihi kuhusu wimbo. Sijaona filamu nyingi za vijana zinazowapa heshima hiyo.

Inayumba mahali pamoja, karibu na mwisho. Tunaambiwa kwamba Fiona alifanya yote kwa kuwa alichekwa shuleni kwa kitembe chake na anataka kupendwa. Ni jibu dogo kwa swali kubwa; njama ya kampuni na serikali inageuka kidonda cha mtu mmoja. Kidogo inajiokoa pale ofisa wa serikali anapoeleza kwamba maneno ya siri yanafanya kazi vizuri zaidi kwenye sinema, na ujumbe unatokea kwenye skrini ukisema hii ndiyo filamu bora kuliko zote. Hapo inajinyooshea kidole yenyewe, jambo ambalo mnafiki hafanyi.

Sekondari ya juu imeanza na Gredi ya 10 tangu Januari 2026, na Maigizo na Filamu ni moja ya masomo yake. Ningependa walimu wa somo hilo, Kisumu na Nakuru, waionyeshe, na wawaeleze wanafunzi habari za Vicary kabla ya kuiwasha. Kisha kila mwanafunzi achague video ya msanii wa hapa anayempenda, aandike kila chapa inayoonekana, na amwandikie msanii kumwuliza ipi imelipiwa. Wasanii wetu wako karibu, na wengi hujibu.