Kusaka metali katika shamba la mtu: ruhusa ya mdomo inatosha?

Katika England na Wales, kutumia detekta ya metali, mashine inayotambua metali iliyofukiwa ardhini, hakuhitaji leseni. Ukiacha maeneo yaliyofungwa na sheria, kinachomtofautisha msakaji halali na mwizi ni neno la mwenye ardhi. Aliyeingia bila neno hilo akaondoka na kitu mfukoni amevamia shamba na anaweza kushtakiwa kwa wizi, hata kama alichookota ni kifungo cha koti la karne ya 18. Juu ya hilo hakuna ubishi. Ubishi uko kwenye sura ya ruhusa yenyewe: je, kauli ya mkulima aliyesimama getini inatosha, au msakaji asiwashe mashine mpaka karatasi isainiwe?

Wanaotetea ruhusa ya mdomo wana hoja nzito. Kwanza, ni halali kisheria. Wakulima wengi wa huko wamezoea kumruhusu mtu awinde sungura au achukue kuni kwa kupeana mikono tu. Ukimtolea mkulima fomu yenye vifungu kabla hajakufahamu, anaanza kujiuliza: mgeni huyu anatarajia kupata nini kwangu? Nikisaini, nitawajibika akivunjika mguu mtaroni? Atasema anaipeleka kwa mwanasheria wake, na kwa kuwa mwanasheria ni gharama, fomu itabaki juu ya friji mpaka isahaulike. Isitoshe, karatasi haimfungi mwenye ardhi. Ruhusa ya namna hii huondolewa wakati wowote, iwe imeandikwa au imesemwa.

Hoja yao nyingine ni kwamba mgawo wa kinachopatikana umeshapangwa na serikali. Sheria ya Hazina ya 1996, iliyoanza kutumika Septemba 1997, inataja vitu vyenye umri wa miaka 300 au zaidi ambavyo angalau asilimia 10 ya uzito wake ni dhahabu au fedha. Inataja pia sarafu mbili au zaidi za metali hizo zilizopatikana pamoja, au 10 na zaidi ikiwa ni za shaba. Vyote hivyo lazima viripotiwe ndani ya siku 14 kwa koroneri, ofisa anayechunguza vifo na ambaye pia huamua kama kitu ni hazina. Makumbusho yakivitaka, kamati huru huvithamini, na tuzo kwa kawaida hugawanywa nusu kwa nusu kati ya mwokotaji na mwenye ardhi. Dafina ya Staffordshire ya mwaka 2009, iliyothaminiwa pauni 3,285,000, iligawanywa hivyo. Kama mgawo upo, wanauliza, karatasi ni ya nini?

Hapo ndipo tunapoachana nao. Sheria hiyo inahusu hazina peke yake. Kitu kingine chochote kilichofukiwa ardhini ni cha mwenye ardhi, na mwokotaji hana hata robo. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ililiweka wazi jambo hili katika kesi ya Halmashauri ya Waverley, iliyodai bruchi (pini ya pambo la nguo) ya dhahabu ya zama za kati iliyochimbwa na msakaji katika bustani yake ya umma huko Farnham. Halmashauri ilishinda.

Na visivyo hazina si vitu vidogo. Sarafu moja ya dhahabu, ikipatikana peke yake, haikuhesabiwa kuwa hazina. Peni ya dhahabu ya Mfalme Henry III iliyookotwa Hemyock, Devon, mwaka 2021 iliuzwa mnadani Januari 2022 kwa pauni 648,000 pamoja na ada. Kofia ya Kirumi ya Crosby Garrett, iliyopatikana Cumbria Mei 2010, ilikuwa ya aloi ya shaba, kwa hiyo sheria ya wakati huo haikuigusa. Oktoba mwaka huohuo kampuni ya mnada ya Christie's iliiuza kwa takribani pauni milioni 2.3. Tangu tarehe 30 Julai 2023 sheria imepanuliwa ili iguse pia vitu vya metali vya miaka 200 au zaidi vyenye umuhimu wa kipekee kihistoria, lakini vitu vingi vyenye bei bado viko nje yake. Maana yake ni kwamba pale sheria isipopanga mgawo panaweza kuwa na fedha nyingi kuliko nyumba ya mkulima. Neno la getini, "karibu, tafuta tu," halisemi lolote kuhusu fedha hizo. Siku kitu kinapotoka ardhini, kila mmoja hukumbuka mazungumzo kwa namna inayomfaa. Mkulima akiwa ameshafariki, warithi hawakuyasikia kabisa.

Kwa hiyo tunaona pande zote mbili zinakosea kwa kudhani ni lazima uchague moja. Mdomo ndio unaofungua geti. Karatasi ifuate baada ya mkulima kusema ndiyo na kabla ya shimo la kwanza. Kanuni ya usakaji wa kuwajibika ya England na Wales, iliyorekebishwa 2017, inashauri vivyo hivyo: makubaliano ya umiliki yaandikwe mapema ili kuepusha mgogoro. Ukimweleza mwenye ardhi kwamba karatasi inalinda haki yake kuliko yako, na ndivyo ilivyo kwa vile vitu ni vyake, ile hofu ya fomu hupungua sana.

Karatasi yenyewe isizidi ukurasa mmoja. Iwe na majina na anwani za pande zote, ramani iliyozungushiwa mistari kwenye mashamba yanayohusika, na muda, tuseme mwaka mmoja. Kisha uje mgawo, na hapa ndipo makubaliano mengi huwa mafupi mno. "Nusu kwa nusu" haitoshi. Nusu ya nini: ya kila risasi na kila senti ya zamani, au ya vitu vinavyozidi thamani fulani? Wengi huweka kiwango, kwa mfano pauni 500, chini yake kitu kinabaki kwa msakaji, juu yake kinagawanywa. Basi sema nani atakadiria thamani, maana msakaji akikadiria mwenyewe, kiwango hakina kazi. Mnada usio na upande ni mwamuzi mzuri. Sema pia itakuwaje mmoja akitaka kuuza na mwingine akitaka kubaki nacho. Ongeza kwamba kila kilichopatikana kitaonyeshwa, kwamba hakuna rafiki atakayeletwa bila kuombewa ruhusa yake, na kama mahali kilipopatikana kitu patatangazwa au la. Nakala mbili, saini mbili. Usikubali wala usiombe mgawo wa nusu kana kwamba ni haki ya kuzaliwa. Mwenye ardhi akitaka robo tatu, au akitaka vitu vyote vibaki nyumbani kwake, hajakudhulumu.

Saini nayo iwe ya mtu sahihi, na hapa makosa ni mengi kuliko mahali pengine popote. Anayelima si lazima awe mwenye ardhi. Sehemu kubwa ya mashamba ya England hulimwa na wapangaji, na mpangaji anaweza kukubali uingie lakini hawezi kukupa umiliki wa kitu cha mwenye ardhi. Unahitaji ndiyo mbili: ya mwenye ardhi kwa ajili ya vitu, ya mpangaji kwa ajili ya mazao na mifugo. Daftari la ardhi la serikali, HM Land Registry, huonyesha mmiliki kwa ada ya pauni 7 tangu Desemba 2024, ingawa baadhi ya ardhi ya vijijini bado haijaandikishwa na hapo itabidi uulize majirani. Kisha fungua ramani ya bure ya Historic England, shirika la serikali la urithi wa kihistoria wa England. Eneo likiwa ni mabaki ya kale yaliyoorodheshwa kisheria, ruhusa ya mwenye ardhi haisaidii. Sheria ya Mabaki ya Kale na Maeneo ya Kiakiolojia ya 1979 inadai leseni ya maandishi chini ya kifungu cha 42, na kutumia detekta humo bila leseni ni kosa la jinai hata usipochimba. Maeneo yenye hifadhi maalumu ya viumbe au miamba yanahitaji, kwa upande wa England, idhini ya Natural England, wakala wa serikali wa mazingira. National Trust, shirika la hisani linalomiliki ardhi na majumba ya kihistoria, hawaruhusu isipokuwa ndani ya miradi ya utafiti wao. Ufukwe wa Mto Thames jijini London una kibali chake, kutoka mamlaka ya bandari, Port of London Authority.

Barua au mlango? Kwa shamba kubwa linalosimamiwa na wakala, andika barua. Kubisha hodi kwenye jumba la mwenye ekari elfu hukupeleka kwa mtu asiye na mamlaka. Kwa mkulima wa kawaida, uso kwa uso hushinda barua, ila wakati ni kila kitu. Februari hadi Aprili kondoo wanazaa na wakulima wengine hawalali. Mwishoni mwa Julai hadi Septemba ni mavuno, na mtu aliye juu ya mashine ya kuvunia hatashuka kwa ajili yako. Mei na Juni, siku ya manyunyu, ndiyo nafasi nzuri: ukikubaliwa wakati huo, mnakuwa mmeshasaini kabla mabua hayajabaki wazi mwezi Agosti, na kati ya mavuno na kupanda ngano ya baridi una wiki chache tu. Gari lisizibe geti. Mashine ibaki ndani ya gari. Usivae nguo za rangi za kijeshi, maana wezi wa usiku wanaosaka kwa siri huzivaa na mkulima anawajua. Taja jina lako, unakotoka na unachoomba ndani ya sentensi tatu, ukimwita Bwana au Bibi kwa jina la ukoo mpaka mwenyewe akuambie vingine. Omba shamba moja, si yote. Onyesha kadi ya bima: uanachama wa National Council for Metal Detecting huja na bima ya madai ya watu wengine ya hadi pauni milioni 10, na hiyo hujibu lile swali la mguu uliovunjika. Akikataa, mshukuru na uondoke. Usimuulize sababu, acha kadi yenye jina na simu yako akiitaka.

Wanaokataa nao wasikilizwe, maana sababu zao si ubahili. Wengine wameshaamka asubuhi wakakuta mashimo. Mwaka 2019 mahakama ya Worcester iliwafunga wasakaji wawili kwa miaka mingi kwa kuficha dafina ya Waviking waliyoichimba Eye, karibu na Leominster, mwaka 2015. Inakadiriwa ilikuwa na sarafu 300 hivi na zilizopatikana ni takribani 30. Habari moja ya namna hiyo hufunga mageti ya wilaya nzima. Wapo pia wanaakiolojia wanaowashauri wenye ardhi wakatae, kwa kuwa kitu kilichotolewa mahali pake bila vipimo hupoteza nusu ya habari zake. Hoja hiyo ina nguvu kwenye malisho ambayo hayajawahi kulimwa, ambako tabaka la udongo bado halijavurugwa. Kwenye shamba linalopigwa plau kila mwaka ina nguvu ndogo, kwani plau na mbolea vinaviharibu vitu hivyo kila msimu. Ndiyo maana kanuni inashauri msakaji akae kwenye udongo uliokwisha kulimwa, asipite kina cha plau, na aandikishe alichopata kwa Portable Antiquities Scheme, mpango unaoendeshwa na British Museum pamoja na makumbusho ya taifa ya Wales. Ahadi ya kuandikisha, yenye namba za ramani zinazoonyesha mahali ndani ya mita 10, iwe sehemu ya ombi lako tangu mwanzo. Mkulima asiyependa shamba lake lijulikane aambiwe kwamba namba kamili hazionyeshwi kwa umma.

Baada ya hapo ruhusa hulindwa kwa miguu na koleo. Geti liache kama ulivyolikuta, wazi au limefungwa. Kwenye nyasi kata pande tatu tu, kina cha sentimita 15 hadi 20, fungua bonge kama kifuniko, weka udongo juu ya kitambaa, rudisha wote, kisha kanyaga. Ukikata pande nne mizizi hukatika na wakati wa kiangazi bonge hukauka, likaacha doa la njano ambalo mkulima ataliona akiwa barabarani. Vyuma chakavu ondoka navyo. Kipande cha waya kikiachwa juu ya malisho humezwa na ng'ombe na kutoboa tumbo, na hilo peke yake limefuta ruhusa nyingi. Osha na kuua vijidudu kwenye buti kabla ya kuingia shamba lenye mifugo. Wakulima hawajasahau ugonjwa wa midomo na kwato wa 2001.

Haya yote ni ya England na Wales. Ukivuka kwenda Uskoti bado unahitaji ruhusa ya kuingia, lakini vitu vya kale vyote ni vya Taji, yaani dola, na tuzo ikitolewa humwendea mwokotaji, hivyo kifungu cha nusu kwa nusu huwa ni hiari yako tu. Ireland ya Kaskazini huruhusiwi kuchimba vitu vya kale bila leseni ya serikali. Na kwa msomaji aliye Tanzania au Kenya mwenye detekta na jamaa mwenye shamba karibu na magofu ya pwani: ndiyo ya jamaa haikupi haki ya kuchimba mabaki hayo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 ya Tanzania, na ile ya Makumbusho na Urithi ya 2006 ya Kenya, zinataka leseni ya utafiti kwanza, na mazungumzo huanzia kwenye Idara ya Mambo ya Kale au Makumbusho ya Taifa, si getini.