Kikoi cha Baba Kimebaki Taita

Sawa. Kwa vile Redio ameshatuma voisi ya dakika nne ya usiku wetu wa Taita, ati nililia, kwa grupu la mtaa, na grupu la mpira, na sijui nani kaipeleka mpaka kwa chama cha kina mama, manake leo asubuhi nimeenda kununua mahamri na yule mama akanifungia mbaazi polepole halafu akaniuliza "mwanangu, hao tembo walikuwa wangapi?", wacha niseme mwenyewe. Redio si jina lake. Ni kazi yake.

Kwanza sikulia. Hilo tuliweke mezani. Nilipiga kelele. Kelele na kulia ni vitu viwili.

Si mnajua ile safari ya Taita, imeongelewa barazani hadi kahawa ikapoa. Na ni kweli mimi ndiye nilijiita kamanda, sikatai, niliwaambia majamaa milima nimeizoea. Ukweli ni kwamba mlima mkubwa niliokuwa nimeshapanda ni ule mteremko wa ferry Likoni saa kumi na mbili jioni watu wakikusukuma kwa nyuma. Na lile daraja la miguu la Liwatoni nalo nililihesabu, kwa vile lilikuwa linatikisika.

Tukapanda treni ya saa mbili asubuhi Miritini, ile inayosimama simama, Voi tukashuka jua kali kama la kwetu, nikasema hii baridi ya Taita ni porojo za watu wa bara. Nimevaa jezi na raba. Kwa begi nina viazi karai, sufuria (msiniulize), na kikoi cha kulalia ambacho nilikitoa kabatini kwa baba bila kumwambia kwa sababu tulikuwa tunarudi kesho yake, nani angejua. Matatu ikapita Mwatate ikaanza kupanda kwenda Wundanyi, kona juu ya kona, masikio yakaziba, Shemeji akatoa koti lake akavaa akaniangalia. Hakusema kitu. Mpaka leo hajasema kitu, na huyo ndiye namuogopa zaidi kuliko Redio.

Huo msitu wa Ngangao usidanganywe kwamba ni mdogo. Ni hekta kama 120 tu, lakini umekalia mgongo wa mlima zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na mimi bahari ndiyo nimezoea kuwa sawa nayo. Mawe yana ukungu, mizizi inateleza, pumzi inakatika hata hujaanza kuongea. Raba ya kulia ikafungua mdomo njiani, nikaifunga na ule mfuko wa viazi karai. Kijana aliyekuwa anatuongoza akatusimamisha tuone ndege mmoja mdogo ambaye duniani kote hapatikani ila milima hii ya Taita, nikamshukuru sana nikakaa chini. Si kwa ajili ya ndege.

Jioni tukafika kwa mzee mmoja mwenye shamba la kabeji pembeni ya msitu, akaturuhusu tupige hema pale juu. Sasa hapa sikilizeni vizuri manake ndipo kesi yangu ilipo. Mzee alikaa na wenzangu akawapa chai ya tangawizi na akawaeleza mambo ya usiku wa huko, yupo mnyama gani, analia vipi. Mimi sikuwepo. Mimi nilikuwa nimepanda jiwe natafuta netwaki nipost ile picha, si mliiona, "Milima haikutani, ila leo umekutana na mimi." Mlioipenda ile picha asanteni. Mlioipiga skrinshoti na sasa mnaituma pamoja na voisi ya Redio, nawajua kwa majina.

Nikarudi, chai yangu nikaikuta, nikanywa vikombe vitatu kwa baridi. Hakuna aliyeniambia kitu. Watu watatu wazima, nimekula nao pilau za harusi miaka yote.

Saa saba usiku ile chai ikaanza kudai.

Nikavumilia. Nikageuka ubavu huu, nikageuka ule. Hema la watu wawili tumelala wanne, kutoka ni kumkanyaga mtu. Mwisho nikafunga kikoi, nikachukua simu, chaji asilimia 9, nikafungua zipu. Ukungu! Jamani ule ukungu mimi niliujua wa ubani tu. Tochi ya simu inapiga mbele hatua mbili halafu inarudi kunimulika mwenyewe. Nikasogea kwa mti mmoja mkubwa, nikajiweka sawa, nikaanza shughuli.

Krrrr.

Kama mlango wa stoo uliooza kwa chumvi. Nikajua ni Redio. Nikasema, "Redio wacha upuzi." Kimya. Nikaendelea.

Krrrr. Krrrrr. Na sasa naisikia iko juu. Juu yangu. Redio hawezi kupanda mti, ana kitambi. Na maji yamekata yenyewe, wale mnaojua mnajua, mwili umeshapata habari kabla yangu.

Halafu ikapiga ya tatu, na hiyo siwezi kuiandika. Chukua mtoto, mkabe koo, halafu mgonge mtu na ubao. KHAAA-tak! KHAAA-tak! Juu ya kichwa changu. Na huko mbali kwenye giza mwingine akamjibu.

Simu sikuidondosha, niliirusha. Na mbio nilizotoa wallahi kama kungekuwa na saa. Shida ni kwamba hema lilikuwa nyuma na mimi nimekwenda mbele, na mbele ni mteremko, matuta kwa matuta, nashuka tuta hili bila kulikanyaga natua la pili. Ndipo kitu kikanishika. Kwa nyuma. Kiunoni. Kikanivuta kabisa.

Sasa mimi ni mtoto wa Mombasa. Ukishikwa gizani kwa nyuma unajua la kufanya, umefundishwa na mtaa: hugeuki, hubishani, mikono juu. Mikono nikapeleka juu. Na nikasema, maneno yenyewe haya haya, Redio anayo yote manake alianza kurekodi nilipofungua zipu tu: "Chukua bro! Chukua zote! Simu iko pale juu kwa mti, haina lock! Niache roho tu, mama yangu ana presha!"

Hakikunijibu. Nikahisi kinalegeza. Nikachomoka. Kikabaki na kikoi.

Hatua nne mbele hakukuwa na ardhi. Kulikuwa na mfereji, ile mifereji ya kupeleka maji mashambani, na maji ya Taita saa saba usiku ni barafu iliyosahau kuganda. Nikaingia wa kukaa. Nilipofungua macho nina kabeji mkononi, sijui ya nini, na mwanga wa tochi usoni, na mbwa, na nyuma ya mbwa yule mzee ameshika panga, anaangalia boksa yangu yenye picha za ndizi.

Nikasema, "Shikamoo mzee."

Akasema, "Marahaba." Akangoja. Akaangalia kabeji. "Sasa kijana, si ungeomba tu?"

Mengine ni hayo hayo. Mkewe mzee akaniweka jikoni kando ya moto akanipa leso nijifunge, imeandikwa "Wasemao na waseme", na hiyo ndiyo picha mnayoiona ikizunguka, si ya harusi. Wenzangu wakaja wanacheka hadi mmoja akatapika. Alfajiri wakaenda Vuria, mita 2,208, kilele kirefu kuliko vyote vya Taita, wamepiga picha wako juu ya mawingu. Mimi nilibaki namenya viazi. Simu ilipatikana, kioo kimepasuka.

Yule kijana wa njia ndiye alinieleza asubuhi, kwa huruma kidogo. Yule aliyelia juu ya mti anaitwa perere. Ana kilo mbili tatu, hana mkia, anakula majani, anakaa juu ya mti hana habari na mtu. Na ati ndugu zake wa karibu kwa ukoo ni tembo na nguva. Kwa hivyo mama wa mahamri ukiisoma hii, tembo alikuwa mmoja. Mdogo. Lakini alikuwepo.

Sasa kuna jambo lingine, na hapa sichezi. Kesho ni Ijumaa na baba ameshafungua kabati mara mbili. Kama kuna mtu anapanda Wundanyi leo, kikoi ni cha bluu, mistari ya manjano, kiko kwenye mwiba tuta la tatu juu ya mfereji, mzee ukimuuliza ataanza kucheka lakini atakuonyesha. Nalipa nauli ya kwenda na kurudi. Redio usijisumbue kutuma ofa.