"Pingili zimesagika," kisha?

Mamdogo wangu anakaa Mbagala Rangi Tatu. Alipigwa picha ya mgongo, akarudi nyumbani na sentensi moja: pingili zimesagika. Na asiiname. Basi ndoo ikahamia kwa mjukuu, genge akalifunga, kitandani akawa anajigeuza kama aliyebeba trei ya mayai. Maumivu yakazidi. Akavaa mkanda, akajinunulia diklofenaki, dawa ya maumivu, duka la dawa wiki hadi wiki, mpaka tumbo likaanza kumchoma.

Mimi nailaumu ile sentensi. Si uongo, lakini imekatwa katikati. Ukiwapiga picha watu wa miaka hamsini wasioumwa chochote, wengi utawakuta na pingili zilizochakaa. Ni kama mvi. Hilo hakuambiwa.

Alikuja kuambiwa baada ya mwaka mzima, na binti mmoja wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo. Alimuuliza kwanza, "Mama, unaogopa nini?" Akamwambia mgongo haujavunjika, maumivu yakishazidi miezi mitatu, mishipa ya fahamu inaweza kuwa kama king'ora cha gari pale Kariakoo, paka akipita tu kinalia. Akampa kazi: dakika kumi za kutembea, aongeze kidogo kidogo, siku ikiuma apunguze ila asilale. Akamweleza pia lini akimbilie hospitali: akishindwa kuzuia mkojo, miguu ikiisha nguvu, au ganzi ikimshika mapajani kwa ndani. Genge limefunguliwa, asubuhi tu. Anaumwa bado, ila haogopi kuinama. (Mkanda anao mjukuu, anachezea.)

Hayo si maneno ya faraja, ni tiba. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unapendekeza elimu na mazoezi, na haushauri mkanda kama tiba ya kawaida. Sisi mkanda tunapewa, maelezo tunanyimwa.

Najua nitajibiwa: foleni. Daktari ana dakika chache na koridoni kumejaa. Sawa, lakini kliniki ya wajawazito nako kuna foleni, na mama zetu hupewa somo asubuhi, wote pamoja, kabla ya kupima. Wenye migongo na magoti tunawaacha kwenye benchi saa tatu nzima, wanaelezana wenyewe kwa wenyewe nani pingili zake zimesagika zaidi.